Wiki ya taimushea Orlando: uipangishe kupitia nani?

Bili ya ada ya matunzo imefika Januari, mwaka huu familia haiendi Florida, na wiki ile ya taimushea, yaani haki mliyonunua ya kukaa hotelini zamu ya wiki moja kila mwaka, mnailipia ilale mtu isilale mtu. Ndipo wazo linapokuja: kwa nini tusiipangishe? Wengi hukwama hapo hapo. Njia ziko kadhaa, kila moja ina watu wanaoisifu, na mwenye wiki kwa mara ya kwanza hajui hata aanze kuuliza nini.

Nazungumzia Orlando na Kissimmee kwa sababu ndiko ninakokujua, na ndiko wengi wetu tulio Texas, Georgia na Minnesota tuliposaini. Sisi tulisaini mwaka 2018, siku ya tatu ya likizo, baada ya kifungua kinywa cha bure na maelezo ya wauzaji tuliyoambiwa yangechukua dakika 90. Tangu hapo nimejaribu njia zote nne ninazozilinganisha hapa. Moja ilinitoa machozi, na nitaieleza.

Kama umesaini juzi, kuna jambo la kufanya kabla ya yote. Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kubatilisha mkataba, zinazohesabiwa tangu siku ya kusaini au siku ya kupokea hati ya mwisho, kutegemea ipi imekuja baadaye. Ukiwa bado ndani ya siku hizo, na tayari unatafuta wapangaji ili uweze kumudu ada, soma kwanza ukurasa wa mkataba unaoeleza namna ya kubatilisha. Mambo ya kupangisha yatakusubiri.

## Ujue kwanza ulichonacho

Umiliki huu wa zamu, tunaouita taimushea, hauko wa aina moja. Kuna wiki isiyohama: namba yake imeandikwa kwenye hati, mwaka hadi mwaka ni ile ile. Kuna wiki ya kuelea: una haki ya wiki moja ndani ya msimu fulani, lakini ni lazima uiombe mapema na hoteli ikuthibitishie. Halafu kuna pointi, ambazo unazigeuza kuwa siku unazotaka zikipatikana.

Tofauti hii inaamua kila kitu. Mwenye wiki isiyohama anaweza kutangaza hata mwaka mmoja kabla. Mwenye wiki ya kuelea au pointi hana cha kupangisha mpaka awe na karatasi ya uthibitisho yenye tarehe, ukubwa wa chumba na namba ya nafasi. Nimeona watu wakipokea pesa za mgeni kwa wiki "watakayoiomba kesho", kesho ikifika imeshachukuliwa. Usifanye hivyo, hata kwa ndugu yako.

Kalenda ya taimushea huhesabu wiki 1 hadi 52, na miaka mingine hutokea ya 53. Hoteli nyingi huingiza wageni Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, aghalabu saa kumi jioni, na kuwatoa saa nne asubuhi. Tazama kalenda ya hoteli yako mwenyewe, kwa maana wiki 27 ya hoteli moja inaweza kuanza Ijumaa na ya jirani yake Jumapili.

Na lile neno tuliloambiwa wakati wa kuuziwa, kwamba wiki yetu ni "nyekundu", yaani ya msimu wa juu? RCI, kampuni ya kubadilishana wiki, huipa Orlando rangi nyekundu mwaka mzima. Rangi ikiwa moja kuanzia Januari hadi Desemba haikuambii lolote kuhusu bei. Kinachokuambia ni kalenda ya shule. Wiki za Krismasi na mwaka mpya, wiki ya Siku ya Marais mwezi Februari, Pasaka, na Juni hadi mapema Agosti zina wateja. Septemba ni ngumu. Mwanzoni mwa Desemba na katikati ya Januari ni ngumu vilevile. Isitoshe, Orlando imejaa taimushea kupita kiasi, kwa hiyo hata wiki nzuri inashindana na mamia ya nyingine.

## Vigezo vitano

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale. Kwanza pesa, nikiwa na maana ya zile zinazobaki mkononi baada ya makato yote. Pili kazi: saa zako, simu, barua pepe. Tatu uhakika: kuna uwezekano gani wiki ikalala bila mgeni? Wiki ni kama samaki wa ferini, jua likipanda bei inashuka, na jioni hakuna anayeuliza. Nne hatari, ya kutapeliwa na ya mgeni kuharibu kitu, maana mbele ya hoteli jina lililoko kwenye akaunti ni lako. Tano ruhusa: je, kanuni za hoteli yako zinakubali?

Hicho cha tano watu hukiruka, na ndicho kinachoweza kukufungia akaunti. Hoteli nyingi huruhusu mmiliki kumweka mgeni anayelipa, lakini hukataza kufanya biashara ya kudumu. Disney Vacation Club, kwa mfano, taimushea ya Disney iliyoanza mwaka 1991, humruhusu mwanachama kupangisha mara mojamoja lakini nyaraka zake zinakataza matumizi ya kibiashara. Piga simu kitengo cha wamiliki uulize mambo matatu: naruhusiwa kupangisha, naruhusiwa kutangaza hadharani, na jina la mgeni linaandikwaje na kwa ada gani. Omba jibu kwa barua pepe.

Hakikisha pia ada ya mwaka umeilipa. Anayedaiwa hukataliwa nafasi, na mgeni wake hukataliwa mlangoni.

## Njia ya kwanza: kuiachia hoteli

Pesa. Hapa makato ndiyo makubwa. Mkataba tuliopewa sisi ulikata asilimia 40, na mingine niliyoonyeshwa na wenzangu ilikuwa kati ya 30 na 50. Chumba chetu cha vyumba viwili vya kulala kiliuzwa kwa dola 1,500 wiki ya Julai, tukapata 900. Hundi ilifika siku 45 baada ya mgeni kuondoka.

Kazi. Fomu moja na sahihi. Kodi wanazikusanya wao, mgeni wanampokea wao, na simu ya usiku haikufikii wewe.

Uhakika. Hapa soma polepole. Programu nyingi za namna hii haziahidi kwamba wiki itapangishwa. Hoteli ina vyumba vyake ambavyo havijauzwa, ina na vya wamiliki wengine, na chako kinaingia foleni. Uliza foleni inapangwaje, na uliza kama unaweza kuichukua wiki yako tena ikikaribia bila mgeni. Kwa mkataba wetu, ukishaikabidhi huwezi kuigusa. Mwaka mmoja wiki ikalala, tukapata sifuri, na ada tulikuwa tumeshalipa.

Hatari. Ndogo kuliko zote.

Ruhusa. Haina swali, ni programu yao wenyewe.

Inamfaa mtu asiye na muda kabisa, mwenye wiki ya msimu wenye wateja, na anayeweza kuvumilia kukosa. Inamfaa pia anayeogopa kushughulika na mtu asiyemjua. Hofu hiyo si ya kijinga.

## Njia ya pili: tovuti za wamiliki

RedWeek inajulikana sana, na kuna TUG, kundi la wamiliki lililoanza mwaka 1993. Wanaokuja huko wanajua taimushea ni nini. Hawashangai kusikia kwamba chumba husafishwa mara moja kwa wiki au kwamba mapokezi ndiyo hupanga ghorofa.

Pesa. Unalipa uanachama au ada ya tangazo, bei unaipanga wewe. Na bei ndipo wageni wa mambo haya tunapokosea. Mwaka wa kwanza niliweka dola 1,900, kwa sababu nilijumlisha ada ya matunzo na mkopo wa kununulia. Miezi mitatu hakuna aliyeandika. Mpangaji hana habari na mkopo wako. Yeye anafungua tovuti za kuuza vyumba, anaona hoteli hiyo hiyo, tarehe hizo hizo, kwa 1,600 na uhuru wa kufuta safari. Wewe humpi uhuru huo, kwa hiyo ni lazima uwe chini kwa kiasi kinachoonekana. Nilishuka hadi 1,250, ikachukuliwa ndani ya siku tisa. Baada ya gharama ya tangazo na ada ya kuandika jina la mgeni, zilibaki kama 1,130. Ada yetu mwaka ule ilikuwa 1,180.

Kazi. Ni nyingi, nisikufiche. Picha, maelezo, kujibu maswali, mkataba, kufuatilia malipo, kuandika jina, kutuma uthibitisho. Mkataba hauhitaji kurasa kumi, lakini usikose haya: tarehe za kuingia na kutoka, ukubwa wa chumba, idadi ya watu, pesa yote na tarehe zake, amana ya uharibifu, nani analipa ada za hoteli kama maegesho, na nini kitatokea safari ikivunjika.

Hilo la mwisho, kwa Florida, si la kufunika kombe. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Oktoba 2024, kimbunga Milton kilipopita, uwanja wa ndege wa Orlando ulifungwa na Disney World ikafunga milango. Mgeni aliyelipa wiki ile, akabaki Chicago, angekudai nini? Andika jibu kabla pesa haijapokelewa. Mimi huandika kwamba hoteli ikifunga narudisha chote nilichorudishiwa, na kwamba ndege ikiahirishwa ni shauri la bima ya safari ya mgeni. Kisha namwambia kwa mdomo pia, maana watu hawasomi.

Uhakika. Wa kati. Wiki ya Julai iliyotangazwa miezi minane kabla na kwa bei ya haki huondoka. Ya Septemba inaweza kulala hata ukiitoa kwa nusu ya ada.

Hatari. Tapeli wa kawaida huku ni wa hundi. "Mpangaji" anakubali bei bila kuuliza swali hata moja, anatuma hundi ya benki yenye kiasi cha ziada, kisha anaomba ile ziada umtumie mtu wake wa usafiri. Benki inakuonyesha pesa imeingia, wewe unatuma, wiki mbili baadaye hundi inabainika ni ya bandia na benki inakudai wewe. Usipokee hundi inayozidi. Kama tovuti ina huduma ya kushikilia pesa mpaka mgeni aingie, itumie hata kama inakata kidogo, kwa kuwa inamtuliza na mgeni, ambaye naye anakuogopa wewe.

Kodi ni juu yako. Florida huhesabu upangishaji wa miezi sita au chini kuwa wa muda mfupi na huutoza kodi: asilimia 6 ya jimbo, na juu yake kaunti huongeza zake. Orange, yenye Orlando, jumla hufika 12.5. Osceola, yenye Kissimmee, hufika 13.5. Thibitisha viwango na ofisi ya kodi ya kaunti kabla ya kutaja bei, kisha mwonyeshe mpangaji kodi kwenye mstari wake peke yake. Kipato chenyewe nacho huingia kwenye hesabu za kodi ya mwaka; mpeleke mhasibu wako karatasi za ada na za tangazo.

Ruhusa. Ile barua pepe ya kitengo cha wamiliki ndiyo kinga yako.

Inamfaa mwenye subira, anayeandika vizuri, na aliyeanza mapema.

## Njia ya tatu: Airbnb na Vrbo

Pesa. Kwenye tovuti hizi za kupangisha nyumba kwa wasafiri macho ya wateja ni mengi mno, na bei inaweza kupanda. Vrbo kwa kawaida humkata mwenye nyumba anayelipa kwa kila nafasi asilimia 5 ya kamisheni na 3 ya kuchakata malipo. Kwa mfano wa dola 1,400, ni 112 zinazokwenda, zinabaki 1,288 kabla ya ada ya jina la mgeni. Airbnb humpa mwenyeji pesa zake yapata saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, kwa hiyo usizipangie bili ya mwezi uliopita.

Kazi. Kuweka tangazo ni jioni moja. Kazi kubwa ni matarajio. Mgeni wa huko amezoea nyumba ya mtu: namba ya mlango kwenye simu, kuingia saa anayotaka, picha za kitanda kile kile atakacholala. Wewe huna hayo. Una mapokezi, foleni, kitambulisho, kadi ya amana, na chumba kitakachopangwa siku ile. Yaandike yote juu kabisa ya tangazo kwa maneno mepesi, na uongeze kwamba huenda wauzaji wa hoteli wakamwalika kwenye maelezo ya asubuhi, na ana haki ya kukataa. Mgeni asiyeonywa juu ya hilo hukasirika, na hasira yake huishia kwenye nyota zako.

Uhakika. Mzuri kwa wiki za shule, na afadhali kuliko tovuti za wamiliki kwa dakika za mwisho. Lakini tangazo jipya lisilo na maoni ya wageni linaanzia nyuma ya mstari.

Hatari. Mgeni akilalamika, kanuni za tovuti ndizo zinazoamua, si mkataba wako. Ukifuta nafasi wewe, unaweza kutozwa faini. Kwa upande mwingine, malipo yanapita kwao, kwa hiyo hundi bandia si tatizo lako. Kuhusu kodi, tazama kwenye akaunti ni zipi wanazokusanya na zipi zimeachwa kwako.

Ruhusa. Hapa ndipo pagumu. Hoteli zinazomruhusu mmiliki kumpangishia mgeni bado zinaweza kukataza jina la hoteli lisionekane kwenye tovuti hizi. Bila ruhusa ya maandishi, mimi nisingeijaribu.

Inamfaa mwenye ruhusa hiyo, anayejibu ujumbe haraka, na aliye tayari kushughulika na wageni kama mwenye biashara.

## Njia ya nne: watu wako

Kanisani, msikitini, kwenye chama, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwenu. Ndiyo njia ya asili kwetu, na wengi hata hawaihesabu kuwa njia.

Pesa. Hakuna kamisheni, lakini pia hakuna bei ya soko. Kwa mtu ninayemwita dada, niliitoa Julai kwa dola 900. Ningeomba 1,250 angenilipa pengine, lakini singeweza kumtazama usoni Jumapili.

Kazi. Tangazo ni ujumbe mmoja. Mengine, kwa kuwa tunaaminiana, tunayaruka. Kosa langu lilianzia hapo.

Dada huyo na mumewe waliendesha gari kutoka Dallas na watoto watatu, zaidi ya saa 16 barabarani. Jumamosi, saa tatu usiku, nikiwa zamu, simu ikaita. "Dada, wanasema jina langu halipo." Nilikuwa nimeandika jina ninalomjua nalo: la ubatizo na la mume. Leseni yake ina jina lake la nyumbani na la baba yake. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole, lakini hakuweza kubadili jina lililoingizwa na mmiliki, na kitengo cha wamiliki kilikuwa kimefungwa mpaka Jumatatu. Akanitumia picha. Mdogo wao alikuwa amelala juu ya sanduku, karibu na mashine ya soda, kiatu kimoja kimemtoka. Usiku ule na uliofuata wakalala moteli ya barabara ya 192. Niliilipa mimi, na pesa za siku mbili nikawarudishia. Alinisamehe siku ile ile. Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi kujisamehe.

Sasa, kabla ya kuandika jina la yeyote, hata shemeji, naomba picha ya kitambulisho atakachokwenda nacho, nanakili herufi kwa herufi, kisha siku tatu kabla nampa namba ya hoteli apige mwenyewe athibitishe. Naye namwuliza kama ana kadi ya benki yenye nafasi ya amana, kwa sababu hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi ya mgeni anapoingia, na mwenye pesa taslimu peke yake hukwama pale pale.

Uhakika. Haraka ukiwa na kundi kubwa. Hata wiki mbili kabla, mtu mwenye watoto na gari anaweza kusema naichukua.

Hatari. Kutapeliwa ni nadra ukibaki kwa unaowajua. Ujumbe ukisambazwa kwenye makundi ya watu usiowajua, hiyo tena si njia ya nne, ni ya pili bila ulinzi wake. Pesa zinazotumwa kwa Zelle au M-Pesa ni ngumu kuzirudisha, na hilo linamwumiza mpangaji kuliko wewe. Mwandikie karatasi ya kupokea. Hatari kubwa ni ya uhusiano. Televisheni ikivunjika, utamdai mama wa kanisani dola 400? Mkubaliane kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa mistari mitano. Kodi nayo haiondoki kwa sababu mnafahamiana.

Ruhusa. Rahisi, maana hakuna tangazo la hadharani. Kanuni za jina la mgeni na idadi ya watu ziko pale pale. Chumba cha watu wanane ni cha watu wanane, hata kama binamu wamesikia kuna bwawa.

Inamfaa anayetaka kurudisha sehemu ya ada na kuona wiki ikitumika, kuliko anayetafuta bei ya juu.

## Na kubadilishana je?

Si kupangisha, ila ni jirani yake. RCI ilianza mwaka 1974 na Interval International 1976: unaweka wiki yako kwao, unachukua ya kwingine. Kwa RCI, ukiiweka miezi tisa au zaidi kabla ya tarehe ya kuingia thamani yake huwa kamili, ukichelewa inapungua. Unalipa uanachama na ada ya kubadilisha, na pesa mkononi hupati. Jihadhari na jambo moja: wiki uliyoipata kwa kubadilishana hairuhusiwi kupangishwa. Unaweza kumpa mgeni kwa hati ya mgeni, ila si kuiuza.

## Simu usiyoitegemea

Jina lako likishaonekana popote kama mmiliki, utapigiwa. Sauti nzuri, anajua hoteli yako, anasema ana mteja tayari wa kupanga au kununua, kinachohitajika ni ada ndogo mbele, au kodi, au gharama ya kuhamisha pesa. Kata simu. Julai 2024 mamlaka za Marekani, FBI ikiwemo, zilitahadharisha kwamba kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 katika utapeli wa taimushea unaoendeshwa kutoka Mexico. Wengi waliolipa mara ya kwanza walipigiwa tena na "mwanasheria" wa kuwarudishia. Kwa njia zote nne nilizoeleza, mtu mwenye mteja wa kweli hukata chake baada ya mteja kulipa. RedWeek na wenzake hutoza tangazo, ndiyo, lakini wewe ndiye uliyewafuata, na hawakukuahidi mteja.

## Kwa hali yako

Una wiki ya Juni, Julai au Krismasi, imebaki miezi minane au zaidi, na jioni zako ziko huru: anza na tovuti za wamiliki. Hapo una muda wa kuanza na bei ya wastani na kuishusha taratibu.

Una wiki nzuri lakini unafanya zamu mbili na simu hushiki mchana: iachie hoteli, mradi usome kifungu cha foleni na uwe tayari kwa sifuri.

Una ruhusa ya maandishi ya kutangaza hadharani na unakusudia kupangisha karibu kila mwaka: Airbnb au Vrbo inastahili jioni yako moja, kwa sababu maoni mazuri ya mwaka huu yatakusaidia mwakani. Ila pima pia kama kila mwaka hiyo haikuingizi kwenye kile ambacho hoteli yako inakiita biashara.

Zimebaki siku 60 au chini: ujumbe kwa watu wako leo, bei ya chini ya ada, na usione haya. Dola 600 zinazoingia zinapunguza bili ya 1,180 hadi 580.

Una wiki ya Septemba au ya katikati ya Januari: usipoteze pesa ya tangazo miaka miwili mfululizo. Jaribu watu wako, hasa wasio na watoto wa shule, au iweke kwa kubadilishana mapema.

Una wiki ya kuelea na bado hujaomba tarehe: funga matangazo yote. Piga simu siku ile dirisha la kuomba linapofunguka, chukua tarehe za likizo ya shule, kisha ndipo uchague njia.

Na kama ada imeanza kukuumiza kiasi kwamba kila mwaka unapangisha ili tu uilipe, na kila mwaka inapungua dola mia au mia mbili, mpigie hoteli uulize kama wana programu ya kuirudisha wiki kwao. Baadhi wanayo kwa asiyedaiwa. Swali hilo ni bure, na liulize kabla ya bili ya Januari haijatoka.